Tai Nyekundu Shingoni: Kikosi cha Farasi cha Savoia Tangu 1692

Nje kidogo ya mji wa Nyeri, nchini Kenya, kuna kanisa ambamo wamezikwa zaidi ya wanajeshi mia sita wa Italia waliofia vitani au utekwani katika Afrika Mashariki. Miongoni mwao yumo Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa Ethiopia kwa niaba ya mfalme wa Italia, akajisalimisha kwa Waingereza huko Amba Alagi mwaka 1941, na akafariki mateka mjini Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Nilifika hapo nikiwa na haja nyingine kabisa, nikasimama mbele ya kaburi lake kwa dakika chache, na neno moja katika jina lake likanigandia kichwani. Savoia ni nini? Ni nchi, ni ukoo, au ni cheo? Swali hilo dogo ndilo lililonifikisha, baada ya miezi ya kusoma jioni, kwenye kikosi cha askari wapanda farasi kilichozaliwa karne ya kumi na saba ambacho kipo hadi leo, na ambacho miezi mitano baada ya kifo cha Duke yule kilichomoa panga na kuwakimbilia watu waliokuwa na bombomu.

Savoia ilikuwa nchi ya milimani, pande zote mbili za Milima ya Alps, na watawala wake walichukua jina la nchi hiyo kuwa jina la ukoo wao. Mwaka 1692 Duke Vittorio Amedeo II, akiwa vitani dhidi ya Ufaransa ya Louis XIV, aliongeza askari wake wa farasi, na ndipo kilipoanza kikosi ambacho leo huitwa Savoia Cavalleria na huhesabiwa kuwa cha tatu katika orodha ya vikosi vya farasi vya Italia, baada ya Nizza Cavalleria na Piemonte Reale. Namba katika majeshi ya zamani haikuwa jambo dogo, kwa maana ndiyo iliyoamua nani atangulie kwenye gwaride na nani amfuate, na mabwana wa siku hizo walikuwa tayari kugombana maisha yao yote kwa sababu ya hatua moja mbele au nyuma.

Kila kikosi cha namna hii kina hadithi yake ya asili, na ya Savoia ni ya mwaka 1706. Wafaransa walikuwa wameuzingira Torino, mji mkuu wa Duke, kwa miezi mitatu na zaidi, hadi tarehe 7 Septemba walipovunjwa na majeshi ya Vittorio Amedeo na binamu yake, Eugenio wa Savoia. Kwa mujibu wa masimulizi ya kikosi, askari mmoja alitumwa kupeleka habari za ushindi, akajeruhiwa shingoni njiani, akaendelea kupanda farasi huku damu ikimtiririka kifuani, akamfikia bwana wake, akatamka maneno matatu ya Kifaransa, "Savoye bonnes nouvelles", yaani Savoia, habari njema, kisha akafa. Maneno hayo ndiyo wito wa kikosi hadi leo. Damu ya shingo yake, wanasema, ndiyo iliyowapa askari wa Savoia tai nyekundu wanayoivaa peke yao, pamoja na alama nyeusi za kola zilizozungushiwa ukingo mwekundu.

Mimi siamini kwamba mtu aliyekatwa koo husema sentensi iliyokamilika. Lakini hadithi ya namna hii haikutungwa ili ithibitishwe na daktari. Ilitungwa ili kijana wa kijijini aliyeandikishwa jana, anapofungwa ile tai asubuhi, ajue kwamba amevikwa damu ya mtu, na kwa kazi hiyo imefaa kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Lililonishangaza zaidi ni lugha ya wito huo. Ukoo ulioiunganisha Italia ulikuwa na nchi yake ya asili upande wa Kifaransa wa milima, na mwaka 1860, kwa mkataba uliotiwa saini Torino, mfalme Vittorio Emanuele II alimkabidhi Napoleon III nchi mbili, Nizza na Savoia yenyewe, yakiwa malipo ya msaada wa Ufaransa dhidi ya Austria. Hivyo Italia ilizaliwa ikiwa imekwisha kuiuza ardhi ya mababu wa mfalme wake, ilhali kikosi cha kwanza na cha tatu cha farasi wake vikaendelea kuitwa kwa majina ya nchi ambazo sasa zilikuwa Ufaransa. Hakuna aliyefikiria kuyabadili. Nchi iliondoka, jina likabaki na watu wenye farasi.

Karne hizo mbili za katikati nitazipitia haraka, kwa kuwa zinafanana na za vikosi vingi vya Ulaya. Wafaransa waliiteka Piemonte, nchi ya Torino, mwishoni mwa karne ya kumi na nane, jeshi la zamani likavunjwa, na Napoleon alipoanguka mwaka 1814 mfalme akarudi na vikosi vyake vikaundwa upya. Zikafuata vita za kuiunganisha Italia, ambamo wapanda farasi walifanya kazi ya doria na ya kufuatilia adui zaidi ya ile ya kushambulia kwa mbio, ingawa wachoraji wa picha walipenda hii ya pili.

Jambo moja la zama hizo nalitaja kwa kirefu kwa sababu bila hilo yaliyotokea mwaka 1942 hayaeleweki vizuri. Hadi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mpanda farasi wa Ulaya aliyeruka kizuizi aliegemea nyuma, akanyoosha miguu mbele na kuvuta hatamu, akidhani kwamba anampunguzia mnyama uzito wa mbele. Kwa kweli alikuwa anamuumiza mdomo kwa lijamu na kumkandamiza mgongo pale hasa anapouhitaji. Ofisa mmoja wa farasi, Federico Caprilli, aliyezaliwa mwaka 1868, alitazama jinsi farasi asiye na mtu mgongoni anavyoruka, akaamua kwamba mwanadamu ndiye apaswaye kumfuata mnyama. Alifupisha vikuku vya kukanyagia, akaegemea mbele, akaachia mikono imfuate farasi shingo. Katika shule ya farasi ya Pinerolo na ile ya Tor di Quinto, Roma, wanafunzi wake waliteremka miteremko ambayo mtu wa kawaida angeogopa kuishuka kwa miguu, na mwaka 1902, mjini Torino, yeye mwenyewe aliruka mita 2.08. Alikufa mwaka 1907 kwa kuanguka kutoka kwenye farasi aliyekuwa akitembea tu. Leo watoto wote wanaofundishwa kuruka, wawe Nairobi au Marekani, hukaa kwenye tandiko kwa namna yake, na wengi hawajui jina lake. Maofisa wa Savoia wa Vita vya Pili walikuwa matunda ya shule hiyo.

Vita vya Kwanza viliwashusha askari wa farasi chini, wakakaa katika mahandaki kama wenzao wa miguu. Waliporudishwa kwenye tandiko ilikuwa ni kwa ajili ya maafa. Baada ya Waitalia kuvunjwa huko Caporetto mwaka 1917, vikosi viwili ndugu wa Savoia, Genova Cavalleria na Lancieri di Novara, viliamriwa kumchelewesha adui katika kijiji cha Pozzuolo del Friuli tarehe 29 na 30 Oktoba ili wengine wapate kuvuka mito. Vilichelewesha, na vikalipa kwa roho nyingi. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo farasi wa vita alipostaafishwa.

Hakustaafishwa. Mussolini alipopeleka jeshi Urusi katika kiangazi cha 1941, watu wapatao 62,000 chini ya Jenerali Giovanni Messe, walikuwamo Savoia na Novara pamoja na farasi wao, ndani ya divisheni iliyobeba jina la "Principe Amedeo Duca d'Aosta". Ni jina na cheo kilekile nilichokisoma Nyeri, kwa maana wanaume kadhaa wa ukoo ule walikibeba kwa nyakati mbalimbali. Nilipoliona jina hilo kwenye orodha ya divisheni zilizokwenda Ukraina nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimefunga safari ndefu kusudi nilikimbie kaburi lile, nalo likanifuata.

Ni rahisi kuwacheka waliopeleka farasi dhidi ya vifaru. Hata hivyo, nchi ile ya nyika haikuwa na barabara za lami, mvua za masika na vuli ziligeuza udongo mweusi kuwa uji ambao malori ya Italia yalizama hadi kwenye mihimili, na mafuta yalikuwa haba. Farasi alipita. Alihitaji majani, maji na mtu wa kumtazama kwato, na Savoia walijua kazi hiyo. Mwaka 1942 Savoia, Novara na mizinga ya kukokotwa na farasi viliwekwa pamoja chini ya Guglielmo Barbò, na jeshi zima la Italia likakuzwa likawa la watu kama 230,000 chini ya Jenerali Italo Gariboldi, likapewa kulinda ukingo wa mto Don.

Kamanda wa Savoia alikuwa Kanali Alessandro Bettoni Cazzago, mwungwana wa Brescia na bingwa wa kuruka vizuizi aliyejulikana katika mashindano ya kimataifa kabla ya vita. Tarehe 20 Agosti Wasovieti walivuka Don, wakaipiga divisheni ya Kiitalia ya Sforzesca hadi ikaanza kurudi nyuma, na wapanda farasi wakatumwa kuziba pengo. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Savoia walilala karibu na kitongoji cha Izbushensky, watu wapatao 700, farasi wakiwa katikati na mizinga kando, chini ya mwinuko ambao kwenye ramani zao uliandikwa kwa urefu wake tu, 213.5. Walikusudia kuukalia asubuhi.

Kabla ya mapambazuko kanali alituma doria ndogo ikautazame mwinuko. Ndani ya shamba la alizeti askari mmoja akaona kofia ya chuma iking'aa. Walipotambua kwamba si ya mwenzao walifyatua risasi, na papo hapo mbele yao pakafunguka moto wa bombomu na makombora, kwa sababu askari wa kikosi cha 812 cha miguu cha Kisovieti, watu kama 2,000, walikuwa wamesogea usiku na kujichimbia katika nusu duara, wakisubiri kukuche wawashambulie Waitalia walipo. Risasi zile za mapema ziliwaharibia mpango, na pia ziliweka kambi nzima ya farasi ndani ya shabaha yao.

Hapa ndipo masimulizi mengi hukimbilia panga, na hapa ndipo mimi huwaomba wasomaji wapunguze mwendo. Waliojibu kwanza walikuwa watu wa mizinga, ambao katika dakika za mwanzo ndio waliozuia kambi isifagiliwe. Kisha Bettoni alikitazama kile kilima kama mtu anayekagua uwanja wa vizuizi, akaona kwamba kushambulia kwa mbele ni kujiua, ila upande wa kushoto wa adui ulikuwa wazi na bonde dogo lingeweza kuwaficha farasi hadi karibu. Aliiamuru kombania ya pili, wapanda farasi zaidi kidogo ya mia moja chini ya Kapteni Francesco Saverio De Leone, izunguke kwa huko. Walianza kwa mwendo wa kawaida, wakaingia kwenye mbio fupi, na walipojitokeza ubavuni mwa mahandaki wakachomoa panga na kupiga yowe la "Savoia!", wakapita juu ya mistari ya adui kwa urefu wake huku wakikata kwa panga na kutupa maguruneti. Farasi wa De Leone aliuawa. Meja Dario Manusardi akawakusanya waliosalia upande wa pili, akawageuza, wakapita tena palepale.

Moto ulipungua bila kuzimika. Kombania ya nne ikaamriwa kushuka kwenye farasi na kushambulia kwa miguu kutoka mbele ili macho ya adui yatoke kwa wale wa ubavuni. Kapteni wake, Silvano Abba, alikuwa ameshinda nishani ya shaba katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, katika mchezo ule wa pamoja wa farasi, upanga, bastola, kuogelea na mbio, yaani mchezo uliobuniwa kana kwamba ni kwa ajili ya asubuhi kama ile. Aliuawa akiongoza watu wake kwa miguu. Mwishowe kombania ya tatu ya Kapteni Francesco Marchio ikashambulia kwa farasi, na Meja Alberto Litta Modignani akajiunga nayo pamoja na watu wachache wa makao ya kamanda. Litta alipoteza farasi wake, akaendelea kwa miguu, akauawa. Marchio alijeruhiwa vibaya mikononi, akapoteza mkono mmoja.

Kabla ya saa nne asubuhi yote yalikuwa yamekwisha. Kwa hesabu za Waitalia, Savoia walipoteza watu 32, na 52 walijeruhiwa. Farasi zaidi ya mia moja walikufa au walipaswa kuuawa ili wasiteseke. Upande wa pili walikufa watu wapatao 150, wakatekwa kama 500, na zikachukuliwa bombomu na mizinga midogo kwa makumi. Abba na Litta walipewa nishani za dhahabu za ushujaa wakiwa wamekufa, na bendera ya kikosi nayo ikavishwa ya dhahabu. Husimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimwendea Bettoni akamwambia kuwa wao mambo haya hawayawezi tena, na Waitalia wameyarudia maneno hayo kwa miaka themanini, bila kuuliza kama yalikuwa sifa tupu au yalikuwa na mshangao wa aina nyingine ndani yake.

Maoni yangu ni kwamba siku ile upanga haukuishinda bombomu. Ilishinda hesabu ya mtu mmoja aliyejua ardhi na aliyejua farasi wanaweza nini, ikisaidiwa na mizinga iliyopiga bila kukoma na kombania iliyokufa kwa miguu mbele ya adui ili wenzao wapite kando. Ukiviondoa hivyo viwili, Izbushensky ingekuwa makaburi ya Savoia. Nami siwezi kusahau kwamba waliokuwa ndani ya alizeti walikuwa nchini kwao. Waitalia walikuwa kilomita 2,000 na ushei kutoka nyumbani, katika vita ambavyo hawakuchokozwa na Mrusi, na ushujaa wao, ambao ni wa kweli, ulitumika kumlinda Hitler ubavu.

Kuna pia jambo la "shambulio la mwisho la farasi katika historia ya Italia", ambalo magazeti ya huko hulirudia kila Agosti. Si kweli. Tarehe 17 Oktoba mwaka uleule, huko Poloj nchini Kroatia, kikosi cha Cavalleggeri di Alessandria, chini ya Kanali Antonio Ajmone Cat, kilizingirwa na waasi wa Yugoslavia, kikajitoa kwa kushambulia kwa farasi mara kadhaa hadi usiku. Poloj haina ushindi wa kusimulia, kwa hiyo haina wimbo. Na karibu zaidi nasi, Januari 1941 huko Keru, Eritrea, Luteni Amedeo Guillet, aliyefunzwa Pinerolo, aliwaongoza wapanda farasi wenyeji wa Eritrea, Ethiopia na Yemeni dhidi ya vifaru na mizinga ya Waingereza. Waitalia waliwaita watu hao "ascari", neno lenye asili moja na letu la askari. Majina ya maofisa yanajulikana. Ya ascari wengi waliobaki kwenye mchanga wa Keru, sisi ambao tungeyatamka bila shida hatujaambiwa.

Miezi minne baada ya Izbushensky, mstari wa vita wa mto Don ulivunjika. Shambulio kubwa la Wasovieti lilianza katikati ya Desemba 1942, na katika kurudi nyuma kwenye theluji, Italia ilipoteza watu wapatao 85,000 ambao hawakurejea kamwe. Ule mwinuko wa 213.5 uliokombolewa kwa farasi mia moja haukuwa na maana tena kwa mtu yeyote.

Italia ilipojisalimisha Septemba 1943 Savoia ilitawanyika kama jeshi lote. Mwaka 1946 wananchi walipiga kura kuondoa ufalme, mfalme Umberto II akaenda Cascais, Ureno, na serikali mpya haikupenda vikosi vyake viitwe kwa jina la ukoo uliofukuzwa. Kikosi kiliporudishwa, kikiwa na magari ya deraya, kiliitwa Gorizia kwa miaka kadhaa kabla ya jina la Savoia kurejea. Bettoni hakungoja. Aliichukua bendera ya kikosi, ileile yenye nishani ya dhahabu, akaifikisha kwa mfalme huko uhamishoni, kwa kuwa aliyemwapia hakuwa jamhuri. Yeye alifariki mwaka 1951. Bendera ilirudi Italia baada ya Umberto kufariki mwaka 1983. Sheria ingeweza kumwita Bettoni mwizi wa mali ya umma, na sidhani kama ingekosea sana, lakini mtu hawezi kuyasoma maisha yake akategemea angefanya vingine.

Leo Savoia Cavalleria ina makao yake Grosseto, Toscana, baada ya miaka mingi Merano, na tangu ilipohamishiwa brigedi ya Folgore askari wake hufunzwa kuruka kwa miavuli. Wanaendesha magari ya deraya ya magurudumu manane, nao wanafunga tai nyekundu. Katika kambi yao yupo bado farasi mmoja wa Izbushensky, mweupe, aitwaye Albino. Alijeruhiwa katika shambulio lile, akapona, akanusurika vita vyote, akapatikana tena Italia baada ya amani, askari wakamtunza uzeeni hadi alipokufa mwaka 1960. Ngozi yake ilijazwa na kusimamishwa ili akurutu wanaoingia kikosini wamwone, na huo ndio urefu wa karibu zaidi ambao wengi wao watafika kwenye farasi wa vita.